Mlinzi wa Sura ya Mama Mlezi

Mfaume Chande hakuwa na viatu vya kufunga kamba. Hakuwa na saa, hakuwa na baiskeli, hakuwa na mlango wa mbele ila gunia lililoning'inizwa, na hakuwa na jino la kumpendezesha akicheka. Hakuwa na shamba wala kadi ya chama. Hakuwa na shemeji wizarani wala mjomba bandarini. Hakuwa na cheti chochote isipokuwa kile cha ngumbaru, na hicho nacho panya walikuwa wamekisoma kabla yake. Hakuwa na maoni juu ya serikali, au kama alikuwa nayo, hakuwa na mahali salama pa kuyaweka. Na hakuwa na mtoto.

Hayo mengine yote alikuwa ameyazoea, kama mtu anavyozoea paa linalovuja. Hili la mwisho ndilo lililomwamsha alfajiri akakaa kitandani akitazama ukuta.

Si kwamba mkewe, Mwajabu, hakuzaa. Alizaa mara moja, kibandani kwa Bi Somoe, mkunga wa mtaa wa Matopeni, juu ya gunia la mkaa lililokung'utwa vizuri. Mikono ya Bi Somoe haikuwa na kosa. Wembe ndio uliokuwa wa kuazima kwa kinyozi, na ulikuwa umekwisha kupita kwenye ndevu za mtaa mzima kabla ya kufika kwenye kitovu cha mtoto. Alikuwa mtoto wa kiume, mwenye sauti. Baada ya siku chache akakaza taya, akashindwa kunyonya, mwili ukawa mkavu kama ubao. Pepopunda. Alikufa kabla hajapewa jina, na kwa kuwa hakuwa na jina, nchi ile haikumwandika mahali popote, si kwa waliozaliwa wala kwa waliokufa. Kwa hiyo takwimu za uzazi salama hazikuharibika hata kidogo.

Nchi yenyewe iko mbali sana na kwetu, msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Hapa kwetu mambo kama haya hayawezi kutokea, na ndiyo maana tunayasimulia bila wasiwasi.

*

Nchi ile ilikuwa na Mtukufu Kiongozi, na Mtukufu Kiongozi alikuwa na mke, na mke huyo aliitwa Mama Mlezi wa Taifa. Mama Mlezi alikuwa na huruma nyingi kiasi kwamba ilibidi iundiwe ofisi. Ofisi hiyo iliitwa Mfuko wa Tabasamu, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia akina mama maskini wajifungue salama. Watu wema wa ng'ambo walichanga, wenyeji wakachangishwa, na hatimaye nyumba ya uzazi ikasimama Matopeni. Ilikuwa na bati jipya, tangi la maji, vitanda vya kuzalia, na makasha ya vifaa yaliyopangwa hadi darini. Nesi Leokadia, mwanamke wa bara aliyezoea kuzalisha kwa mwanga wa kibatari, alipoyaona makasha hayo alikaa juu ya ngazi akalia.

Alilia mapema. Wataalamu wa Mfuko walikuwa wamekaa hotelini muda mrefu wakijadili swali moja zito: mama maskini akijifungua salama, atajuaje nani wa kumshukuru? Jibu lilipatikana siku ya mwisho ya semina, kabla tu ya chakula. Sura ya Mama Mlezi, ikitabasamu, ilichapwa kwenye kila kitu. Ilichapwa kwenye mashuka, katikati. Ilichapwa kwenye magodoro ya plastiki, pale pale mama anapokaa. Ilichapwa ndani ya mabeseni, chini kabisa, ili aonekane akitabasamu kutoka majini. Ilichapwa kwenye viganja vya glovu, kwenye pamba, kwenye kanga, na kwenye karatasi ya kila wembe. Nyuzi za kufungia kitovu, kwa kuwa ni nyembamba mno, zilifungwa ndani ya kijikaratasi chenye jicho lake moja.

Sasa nchi ile ilikuwa pia na Sheria ya Heshima ya Sura. Ilitungwa zamani kidogo, baada ya muuza mihogo mmoja kumfungia mteja mihogo ya kukaanga kwa gazeti lenye picha ya Mtukufu Kiongozi, mafuta yakaenea kwenye paji la uso. Muuza mihogo alipelekwa kupumzika mahali penye nondo, na Bunge likakaa. Tangu hapo ikawa ni kosa kuikalia, kuilalia, kuilowesha, kuifunika, kuichana au kuigeuza kifudifudi sura ya Mtukufu Kiongozi au ya mtu yeyote wa nyumbani kwake.

Sheria ilikaa kwenye kabati moja na Mfuko ukakaa kwenye kabati jingine, na makabati ya serikali hayana tabia ya kuzungumza. Yalikutana siku mama wa kwanza alipofika Matopeni na uchungu. Nesi Leokadia alikuwa amekwisha kutandika shuka, na Mratibu wa Mfuko, Bwana Gervasi Kulaya, alikuwepo na mpiga picha wake. Mama yule aligeuka ili akae. Bwana Kulaya aliona anapotaka kukaa, akaona juu ya nini, akatoa sauti ambayo mpiga picha alidhani ni ya nyoka.

"Simama hapo hapo, mama. Utatufungisha wote."

Mama yule alisimama. Kisha akatoka, akashika ukuta, akashika mti, akashika bega la mwenzake, akaenda kujifungulia kwa Bi Somoe, juu ya gunia lile lile.

*

Bwana Kulaya aliandika makao makuu kuomba mwongozo. Makao makuu yaliunda kamati. Kamati iliomba muda, posho na mashati ya kamati. Wakati wa kusubiri ukatolewa waraka kwamba vifaa visikae bure, kwani wafadhili wa ng'ambo hawapendi kuona vifaa vimekaa bure. Viendelee kutumika, ila kwa njia ya kutazamwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila wiki wajawazito wa Matopeni walipangwa mstari, wakapitishwa mbele ya kitanda, wakaoneshwa shuka, wembe na beseni, wakatoka kwa mlango wa nyuma. Kila aliyepita alihesabiwa kuwa mama aliyefikiwa na huduma. Wengine walipenda kupita mara mbili kwa sababu ndani kulikuwa na ubaridi, na wao wakahesabiwa mara mbili. Taarifa iliyokwenda ng'ambo ilisema huduma imepokewa kwa shauku.

Lakini vitu vyenye Sura haviwezi kuachwa peke yake na wanawake wenye uchungu. Ikatangazwa kazi ya Mlinzi wa Sura. Walikuja wengi wenye vyeti, wakakataliwa, kwa sababu mwenye cheti ana kitu cha kujivunia, na mwenye kitu cha kujivunia huenda siku moja akakikalia kitanda. Mfaume alipoulizwa ana nini, alifikiri kwa muda mrefu, akasema hana. Kamati ikatazamana kwa furaha. Wakamwuliza kama ana ndugu mjamzito. Akasema hana ndugu. Kuhusu mke hawakuuliza, swali hilo halikuwemo, na tumbo la Mwajabu lilikuwa bado linafichika chini ya kanga.

Alikubali kazi kwa hesabu zake mwenyewe. Aliona kwamba mtu anayelala na funguo za ghala la nyembe hawezi kukosa wembe mmoja. Alipewa kofia yenye Sura na fulana yenye Sura kifuani na mgongoni. Kazi yake ilikuwa kuisalimia Sura asubuhi, kuipangusa vumbi kwa manyoya ya kuku, kuikinga na mvua ya dirishani, na kusimama mlangoni kuzuia yeyote asijifungue. Bi Somoe alipomwona mara ya kwanza katika vazi lile alimzunguka mara moja kama mtu anayekagua mbuzi, akasema, "Mwanangu Mfaume, umekuwa bango."

Siku moja nesi Leokadia alimkuta ghalani ameshika wembe mmoja kiganjani. Alikuwa akitafuta pa kuufungulia. Karatasi ilikuwa imegundishwa kwa ustadi hivi kwamba popote utakapoichana utapita kwenye mdomo wa Mama Mlezi.

"Fungua basi," nesi alisema. "Mimi nimegeuka, sioni kitu."

Mfaume alisimama na ule wembe mpaka mkono ukatoa jasho, na jasho likaanza kuilowesha Sura. Alifikiria nondo. Alifikiria Mwajabu akijifungua na mume wake yuko ndani, hana hata wa kumchotea maji. Akaupangusa wembe kwa manyoya ya kuku, akaurudisha kashani.

Nesi Leokadia aligeuka. "Mke wako ana miezi mingapi?"

Mfaume alilifunga kasha kwa kufuli.

"Kule kwa Bi Somoe wembe ni ule ule wa kinyozi. Nakukumbusha tu, bwana mlinzi."

*

Mwajabu hakuwa mwanamke wa makelele. Aliposema jambo alilisema huku akifanya kazi nyingine, na maneno yake yalikuja pamoja na harufu ya kitunguu.

"Majirani wananiuliza mume wangu anafanya kazi gani," alisema, akikoroga chungu. "Nawaambia analinda kitanda nisikilalie."

"Ni kwa muda tu. Kamati inakaa."

"Inakaa juu ya nini? Mbona wao wanakaa?"

Mfaume alisema atazungumza na Mratibu. Mwajabu aliweka mwiko chini, akamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Yule wa kwanza alilia vizuri sana, Mfaume. Mimi ndiye niliyemsikia akiacha kulia. Sitaki kusikia tena kitu kile. Ukizungumza na huyo Mratibu wako, zungumza kama mtu mwenye mke."

Mfaume alikwenda. Alivaa kofia, akasimama mbele ya meza ya Bwana Kulaya, akauliza kwa adabu kama haiwezekani godoro likageuzwa tu, Sura ikawa chini.

Bwana Kulaya alisikitika kwa niaba yake. Alimweleza kwamba kugeuza Sura kifudifudi ni kuiombea mauti. Basi, aliuliza Mfaume, likitandikwa shuka jingine juu, tupu? Kufunika uso wa mtu aliye hai, alijibu Bwana Kulaya, hilo hata katika dini halipo. Na kipande kile cha katikati kikikatwa, kikawekwa juu ukutani kwa heshima? Hapo Bwana Kulaya aliinuka, akafunga dirisha, akasema atajifanya hakusikia.

"Ndugu Mfaume," alisema, "wewe unamfikiria mama mmoja. Mfuko unafikiria akina mama wote. Ukimsaidia mmoja, utakuwa umewabagua wengine." Kisha akamwambia habari njema. Mama Mlezi mwenyewe atakuja kuizindua nyumba, na mfadhili wa ng'ambo atakuwepo, na patahitajika mjamzito wa mfano wa kusimama kando ya kitanda. Alikuwa amemwona Mwajabu sokoni. Alikuwa na tumbo linaloonekana vizuri kwenye kamera.

*

Maandalizi yalikuwa makubwa. Barabara ilimwagiwa kifusi mpaka pale gari la mgeni litakaposimama, na si hatua moja zaidi. Turubai lilisimamishwa, zulia jekundu likatandikwa, na nyuma ya turubai yakawekwa masufuria ya maji ya moto kwa ajili ya chai ya wageni. Kutoka mji mkuu uliletwa mkasi wa dhahabu kwenye mto wa mahameli, na utepe mwekundu mpya kabisa, vyote vimetoka ng'ambo, ambako kwa bahati mbaya hawana picha ya Mama Mlezi.

Wanawake wa Matopeni waligawiwa kanga zenye Sura na kuamriwa wazivae. Kwa kuwa kanga huzunguka mwili mzima, na mwanamke hana upande usio na kanga, ikawa hakuna anayeweza kukaa. Walisimama tangu asubuhi juani. Mtangazaji wa redio alisema umati mzima umesimama kwa mapenzi.

Mwajabu alisimamishwa kando ya kitanda, uani, mbele ya meza kuu, kwani kitanda kilitolewa nje ili kionekane. Alifundishwa kutabasamu kama Sura, meno sita. Na kabla ya shughuli kuanza, Bwana Kulaya alimwendea, akamwomba kwa maneno matamu asije akajifungua siku hiyo, kwa sababu ratiba imejaa.

"Nitajitahidi, baba," alisema Mwajabu.

Mama Mlezi alifika. Alikuwa mwanamke mfupi kuliko picha zake, mwenye miguu inayomuuma, na alivaa gauni la rangi ya maziwa na mtandio mweupe wa hariri. Hakuvaa kanga ya Sura. Mtu mwenye uso wake hana haja ya kuubeba mara mbili. Alikaa, na alikuwa mwanamke pekee aliyekaa.

Bwana Kulaya alihutubia. Alitaja idadi ya akina mama waliofikiwa na huduma, ambayo ilizidi idadi ya watu wote wa Matopeni pamoja na wanaume, na mfadhili wa ng'ambo akapiga makofi kwa machozi. Alisema zama za giza zimepita. "Leo nasema, na historia inisikie," alisema, akainua mkono, "katika nchi yetu hakuna mama atakayejifungulia sakafuni tena."

Hapo ndipo chupa ya uzazi ilipompasukia Mwajabu.

*

Alishika ukingo wa kitanda. Uchungu ulikuwa umeanza tangu alfajiri, naye alikuwa ameubana nyuma ya meno sita. Nesi Leokadia aliacha mstari wa wauguzi, akamshika kiunoni. Mwajabu alikiegemea kitanda, na askari wawili wakakimbilia, si kumsaidia yeye, bali kukivuta kitanda. Bwana Kulaya aliendelea kuhutubia kwa sauti ya juu zaidi, kama mtu anayeimba kupita makaburini.

Nesi na Bi Somoe walimwingiza Mwajabu ghalani, wakamlaza chini. Nesi alitazama huku na huku. Makasha yalifika darini, na kila moja lilimtabasamia. Alitoka, akamkamata Mfaume fulana mlangoni, Sura ikakunjika mkononi mwake, na hakujali.

"Sikiliza. Nataka kitambaa safi, kitu kipya cha kukatia na kitu cha kufungia. Nitavichemsha mwenyewe. Ukirudi na kitu cha kinyozi, usirudi. Au vunja hayo makasha, mlinzi ni wewe."

Mfaume aliyatazama makasha. Kufuli lilikuwa lake, funguo zilikuwa zake. Nje, askari walikuwa wamejipanga mlangoni, wakisubiri mtu afanye jambo la kipumbavu. Kasha likilia kufunguka wataingia, wamtoe na nesi pamoja naye, na Mwajabu abaki sakafuni na Bi Somoe na gunia. Akageuza macho, akatazama uani. Akatazama mto wa mahameli. Akatazama utepe. Akatazama meza kuu, akaona jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliona siku nzima, kwamba katika uwanja wote ule kitambaa safi kisicho na Sura kilikuwa kimoja tu.

Akaanza kutembea.

Askari wa kwanza aliinua mkono kumzuia, kisha mkono ukabaki hewani. Kifuani pa Mfaume palikuwa na Sura. Askari wa pili alitaka kumvuta kwa nyuma. Mgongoni palikuwa na Sura. Mwingine alifikiria kofia, akaikuta inamtabasamia. Hakuna aliyeweza kumsukuma mtu yule bila kumsukuma Mama Mlezi mbele ya Mama Mlezi. Mfaume alipita katikati yao wote, akafika mezani, akavua kofia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu." Alisema kwa mazoea, akitafuta kwa macho mtu wa kumweleza huyu ni nani katika ratiba.

"Mke wangu anajifungua ndani ya ghala. Naomba huo mkasi, na utepe, na mtandio wako."

Bwana Kulaya alinyamaza kipaza sauti kikiwa bado wazi, hivyo umati ulisikia pumzi yake. Mama Mlezi alikitazama kitanda kipya kilichosimama uani na askari wawili wakikilinda.

"Kwani vitanda vina nini?"

Wakubwa wote walipata jambo la kutazama kwenye viatu vyao.

"Vina wewe, Mama," alisema Mfaume.

"Nina mimi vipi?"

"Picha yako. Sheria inakataza kuikalia. Wembe una wewe, hauchaniki. Shuka lina wewe. Beseni lina wewe, halitiwi maji. Hawa wanawake wana wewe, tangu asubuhi hawajakaa. Wa kwanza wangu alikufa kwa wembe wa kinyozi. Naomba, Mama. Wewe tu ndiye usiye na wewe."

Tabasamu lilitoweka usoni pa Mama Mlezi. Na kwa kitambo hicho hakuna aliyemtambua. Mpiga picha mmoja hata alishusha kamera, akidhani mgeni rasmi ameondoka. Akabaki pale mwanamke mmoja wa makamo, mwenye uso wa mtu aliyewahi kuzaa. Ofisa itifaki alianza kumnong'oneza. Alimzuia kwa kiganja, akauvua mtandio mwenyewe, na nchi nzima ikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana mvi.

"Chukua," alisema. "Kimbia."

*

Mkasi wa dhahabu ulichemshwa katika sufuria ya chai ya wageni, na utepe ukachemshwa pamoja nao mpaka maji yakawa mekundu na ukatoka wa rangi ya waridi. Zulia lilivutwa kutoka chini ya meza kuu, viongozi wakinyanyua miguu mmoja mmoja. Juu ya zulia hilo, sakafuni, Mwajabu alijifungua mtoto wa kike. Nesi Leokadia alifunga kitovu kwa utepe wa uzinduzi, akakikata kwa mkasi wa uzinduzi, Bi Somoe akamfunga mtoto kwa hariri. Mtoto alilia. Mfaume alisimama nje ya mlango akisikiliza, akingoja kama kilio kitakoma. Hakikukoma. Alikaa chini, juu ya Sura ya fulana yake iliyokuwa imening'inia nyuma, na hakuna aliyemkamata kwa sababu wote walikuwa wakipiga makofi.

Kwa vile utepe ulikuwa umekwisha kukatwa, ilitangazwa kwamba nyumba imezinduliwa.

Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba Mama Mlezi amezalisha. Mvi hazikuandikwa. Bwana Kulaya alipandishwa cheo kwa ubunifu wake. Makumbusho ya Taifa yalichukua mkasi, yakachukua mtandio, yakadai na utepe. Na kwa kuwa kipande chake kilikuwa bado kimefunga kitovu, ofisa alitumwa kila asubuhi kuuliza kama kitovu kimedondoka. Kilipodondoka, Mwajabu alikizika nyuma ya nyumba, pamoja na mali ya taifa. Ofisa alipopewa habari alipiga saluti kwenye udongo, akaenda kuandika taarifa.

Bwana Kulaya alileta pia pendekezo kwamba mtoto apewe jina la Mama Mlezi.

"Nikimpa jina hilo nitamwogeshaje?" aliuliza Mwajabu. Wakampa jina la mama yake Mfaume, Mwanahawa. Mtaa ukamwita Mkasi.

Hatimaye kamati iliyokuwa ikikaa ilitoa mwongozo. Iliona kwamba mtandio wa hariri umefaa sana. Kwa hiyo Mfuko utagawa mitandio kama ule kwa kila mama maskini nchini, pamoja na mkasi na utepe, na ili wapokeaji wajue nani wa kumshukuru, kila kimoja kitachapwa Sura. Sheria ya Heshima ya Sura haikuguswa, kwa sababu ilikuwa katika kabati jingine.

*

Mfaume aliagizwa aandike barua ya shukrani kwa Mama Mlezi, yeye akiwa mtu wa kusoma. Alipewa na mfano wa kunakili, wenye maneno mengi ya mwanga na maua. Alikaa mlangoni kwake, akaunakili hadi nusu, akasimama, akautia jikoni chini ya chungu. Kisha akaandika kwa mwandiko wake wa ngumbaru, herufi zimesimama mbalimbali kama watu wasiojuana:

"Mama, shikamoo. Mtoto hajambo, ananyonya sana. Kitovu kilikauka vizuri. Nashukuru kwa mtandio. Nasikia unatuletea mingine yenye sura yako. Naomba ije mitupu. Wembe uje mtupu. Shuka lije tupu, hata la marekani, kitambaa cha bei ndogo. Tutakukumbuka bila kuandikiwa. Hapa mtaani wako wengine wanaokaribia. Mimi mlinzi wako, Mfaume Chande."

Mwajabu alisikiliza ikisomwa, mtoto begani. Akasema hajaona kosa. Mfaume akaitia bahashani, akaifunga kwa uji wa ngano, wakaenda wote posta.

Karani wa posta, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alisoma anuani. Akasema barua za kwenda kwa Mama Mlezi husafiri bure.

"Nataka kuweka stempu," alisema Mfaume.

Karani alitoa stempu mpya za toleo la Uzazi Salama, zilizofika wiki hiyo. Mama Mlezi alitabasamu kutoka kwenye kila moja. Mfaume alizitazama kwa muda. Alijua ile sheria kwa moyo, ndiyo iliyokuwa kazi yake: kuikalia, kuilalia, kuilowesha, kuifunika, kuichana, kuigeuza. Walioitunga hawakuwa wamefikiria posta.

"Moja inatosha," alisema karani.

"Nipe za kujaza."

Alizilamba moja moja, bila haraka, akazibandika kwenye bahasha, akakandamiza kila moja kwa dole gumba. Alipomaliza hapakubaki mahali ila pa anuani. Watu wa foleni walikuwa wamesogea, shingo zimerefuka.

Karani aliishika bahasha. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akashusha sauti.

"Unajua, ndugu yangu, kanuni za posta zinasema kila stempu lazima igongwe."

"Najua, mzee."

"Na igongwe kwa nguvu, wino ushike."

"Ndiyo."

Karani alivua miwani, akaikunja mfukoni. Akakunja mkono wa shati. Akaukandamiza muhuri kwenye wino, akauinua juu ya kichwa chake, akagonga. Meza ikatetemeka. Akagonga ya pili, na ya tatu, mpaka za mwisho, na foleni yote ikasimama kimya kama watu walio kwenye ibada. Mtoto hakushtuka. Kisha karani akaitupa barua ndani ya mfuko, akaukaza mdomo kwa kamba, akaubandika lakiri, na msukuma mkokoteni akaubeba kwenda stesheni.

"Anayefuata," alisema karani, akihema.

Aliyefuata alikuwa amekuja kulipia sanduku lake la barua. Akaomba stempu.